Pakruok ni nini?

Katika kundi letu la WhatsApp la wapenda muziki hapa Kisumu, kila Ijumaa jioni lazima mtu aulize: wenzangu, leo mnasikiliza nini? Ungetarajia majina ya nyimbo. Lakini kuna jamaa anayetuma benga moja kali, ule muziki wa gitaa wa Waluo, kisha chini yake anaandika: "Mimi mbuta wa Seme, omena hunipisha njia." Mbuta ni samaki mkubwa wa Ziwa Victoria, omena ni dagaa wadogo, na Seme ni kwao. Mwenzetu wa Nakuru, mgeni kundini, aliuliza kama huyo bwana amelewa. Hajalewa. Anafanya pakruok.

Neno ni la Dholuo, lugha ya Waluo. Pako ni kusifu. Pakruok ni kujisifu, na pia kusifiana. Aliyesoma fasihi simulizi atakimbilia kusema, "Aa, majigambo!" Yanakaribiana, ila shujaa wa majigambo hahitaji mpiga ala wala hatoi senti. Pakruok hufanyika ndani ya muziki wa mtu mwingine, na hulipiwa.

Tazama nyatiti, ala ya nyuzi nane. Mpigaji hukaa kwenye kigoda kifupi, njuga mguuni, kidole gumba cha mguu kimevishwa pete ya chuma ambayo anagongea ala yenyewe. Wimbo ukikolea, msikilizaji anasimama, anatoa hela, na nyuzi zinatulia. Uwanja sasa ni wake. Anataja alikozaliwa, babake, alikooa, rafiki aliyeketi naye, na jina la sifa alilojipachika. Ufundi uko hapo kwenye jina la sifa. Kusema "mimi tajiri" ni ushamba. Useme mbuta na omena, watu wacheke wakijua ni nani ndiye omena. Akimaliza, muziki unarudi pale pale ulipoachiwa, mpaka mwingine atakaposimama kumjibu. Wawili wakishindana, mpiga ala ndiye anayekwenda nyumbani na mfuko mzito.

Ohangla, muziki wa ngoma wa Waluo, inayo desturi hii vilevile. Benga nayo, iliyochipuka miaka ya 1950 na 1960 kwa gitaa kuiga midundo ya nyatiti, haikuiacha nyuma. Ndiyo maana nyimbo nyingi za benga zimejaa majina ya watu usiowajua, marafiki na wafadhili wa bendi. Mgeni huona kama wimbo umekatizwa. Kwa wenyewe, hapo ndipo wimbo umefika.

Watu wa pwani wana ndugu yake wa mbali: kutunza katika taarabu. Ubeti ukimgusa mtu, anainuka na noti mkononi, anacheza hadi kwa mwimbaji. Tofauti ni kwamba yeye huacha ubeti umsemee. Wa pakruok husema mwenyewe.

Kwa hiyo jamaa wa kundi letu hakukwepa swali. Ukimuuliza anasikiliza nini, anakujibu wimbo umemfanya nani. Mimi, kusema kweli, pakruok ya simu hainikolei sana. Ni rahisi mno. Hakuna macho ya wakwe yanayokutazama ukitafuta maneno, wala noti inayokutoka.

Yule wa Nakuru alielewa haraka kuliko nilivyodhani. Ijumaa iliyofuata alituma wimbo na kuandika: "Mimi ngano ya Njoro, ndege hunitazama kwa mbali." Dakika haikupita, mbuta wa Seme akamjibu: "Vizuri, shemeji. Na hela ya mpiga gitaa iko wapi?"