Saa janja na oksijeni ya usiku: namba ile ina maana gani?

Saa janja haipimi usingizi wenyewe. Usingizi hupimwa ubongoni, kwa nyaya zinazobandikwa kichwani. Saa husoma mtikisiko wa mkono na mapigo ya moyo, kisha inakisia: mkono umetulia, mapigo yameshuka, basi kalala. Ukijilaza kimya ukiwaza ada ya shule, muda huo nao utahesabiwa usingizi. Jumla ya muda uliolala inafaa kulinganisha wiki kwa wiki. Mgawanyo wa usingizi mzito na wa ndoto usiutegemee sana.

Oksijeni ndiyo inayowatia watu hofu. Nyuma ya saa kuna taa nyekundu na ya infraredi (mwanga usioonekana kwa macho) zinazomulika ngozi. Mwanga unaorudi huonyesha damu imebeba oksijeni kiasi gani. Arusha mjini ni takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam. Mtu mzima mwenye afya akisoma asilimia 94 usingizini, hiyo peke yake si ya kumkimbiza hospitali.

Namba ikiporomoka ghafla mara moja, aghalabu umelalia mkono au mkanda umelegea. Baridi ya Julai nayo hubana mishipa ya mkono ulio nje ya blanketi. Vaa saa upana wa kidole kimoja juu ya mfupa wa kifundo, ikaze isiteleze, na futa jasho na mafuta kwenye kioo cha nyuma.

Kosa la upande wa pili, yaani namba kuonekana nzuri ilhali oksijeni imeshuka, ni baya zaidi. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2020 ulionyesha kuwa hata vipimo vya kidoleni vya hospitali hukosa upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa weupe. Pia, saa nyingi hupima kwa vipindi tu, ilhali pumzi ya aliyelala yaweza kukatika sekunde 10 tu ikarudi; ikikatika mara 5 au zaidi kila saa moja ya usingizi, hiyo huhesabika apnea, yaani tatizo la pumzi kukatika usingizini.

Kwa hiyo ukikoroma sana, ukashtuka umekabwa, au ukasinzia ukiendesha gari kati ya Moshi na Arusha, nenda hospitali hata kama saa inasema 97. Nenda na mtu unayelala naye chumba kimoja. Anayoyasikia usiku yatamsaidia daktari kuliko grafu ya simu.