Jipime: Huyo Unayemkimbia Ndo Hatari Kweli?

Sisi watu wa wanyamapori tukiitwa kwenye mikutano ya vijiji, iwe Sikonge, Urambo, Uvinza au kule mwaloni Kibirizi, tunapenda kuanza na maswali kabla ya kufundisha kitu chochote, maana nyoka ni somo ambalo kila mtu anajiona profesa, halafu majibu yakianza kutoka unagundua watu wanamkimbia kinyonga na wanamkanyaga kifutu. Leo na wewe jipime. Jibu kimoyomoyo na usijidanganye.

Koboko, chatu, swila, kifutu: nani anaongoza kwa kuumiza watu kwenye mapori ya aina hii yetu? Najua umesema koboko, na mkutanoni ni hivo hivo, mikono yote juu, koboko. Jibu ni kifutu, na wala siyo kwa sababu ya ukali, ni kwa sababu hatoki. Koboko akisikia vishindo vyako anaondoka zake mapema, ila kifutu anategemea rangi zake, anatulia pale pale kwenye majani makavu au katikati ya njia jioni ardhi ikiwa bado ina joto, anaamini humwoni, na kweli humwoni mpaka mguu umfikie, na hapo anapiga haraka kuliko unavyoweza kuvuta mguu. Wakulima wa tumbaku chungeni sana zile kuni za kukaushia zilizopangwa pembeni ya bani, yaani banda la kukaushia tumbaku, panya wanazipenda na kifutu anawafuata panya, kwa hiyo kuchomeka mkono gizani bila tochi ni kamari. Sumu yake inavimbisha, inatoa malengelenge na kuozesha nyama, kwa kawaida haiui kwa dakika mbili kama watu wanavyosimulia, yaani una muda wa kufika hospitali kama hukuupoteza kwanza kwa mganga. Na wale mnaosema watoto wake wanatoboa tumbo la mama wakitoka, hapana, anazaa tu kawaida, mara nyingi 20 mpaka 40 kwa mkupuo, na kuna mmoja wa asili ya Kenya aliyekuwa anafugwa kwenye bustani ya wanyama huko Jamhuri ya Cheki alizaa 156.

Haya, koboko ana rangi gani? Ukisema mweusi umekosa. Mwili wake ni wa kijivu au kahawia iliyofifia, mwingine kama kijani kilichochakaa, cheusi ni ndani ya mdomo, na akikupanulia ukauona huo weusi ujue anakuonya, simama, rudi nyuma taratibu. Kwa hiyo yule mweusi tii mliyemuua juzi mkasema koboko inawezekana kabisa alikuwa swila. Hadithi kwamba koboko ana kishungi na anawika kama jogoo nimeisikia sana Tabora, lakini nyoka hawiki. Mbio anazo, karibu kilomita 20 kwa saa kwa kipande kifupi tu, ila mara nyingi anakimbilia shimo lake, tatizo linakuja pale wewe umesimama kati yake na shimo.

Nyoka wa kijani juu ya mwembe. Muue au muache? Hapa hata mimi napunguza sauti kidogo, kwa sababu jibu la haraka halipo. Wengi wao ni ukukwi, wembamba, wanakula vyura na mijusi, hawana shida na mtu. Yule koboko wa kijani mnayemtaja kila mara ni wa upande wa pwani, Tabora usimtafute. Ila yupo mwingine, nyoka wa mitini mwenye kichwa kifupi na macho makubwa kuliko kawaida, wazungu wanamwita boomslang, dume lake mara nyingi ni kijani. Chonge zake ziko nyuma ya mdomo na zamani wataalamu walimchukulia poa. Mwaka 1957 Karl P. Schmidt, mtaalamu mkubwa wa nyoka kule Chicago, aliumwa na mmoja mdogo tu, hakwenda kutibiwa, akawa anaandika anavyojisikia, kesho yake akafa kwa kuvuja damu ndani. Sumu yake inazuia damu kuganda na inakwenda polepole, mtu anajiona mzima kabisa halafu baada ya masaa fizi zinaanza kutoka damu. Kwa hiyo jibu ni muache alipo, wa kijani hashikwi, awe nani awe nani.

Watu wa Kigoma sasa. Nyoka amenasa kwenye wavu, anauma au hana kitu? Ziwa Tanganyika lina nyoka wawili wa majini wa kuwajua. Mmoja mdogo wa kahawia, anawinda samaki usiku, hana madhara, na hapatikani kwingine duniani zaidi ya ziwa hili. Mwingine ni swila wa majini, mnene, anaweza kupita mita mbili, shingoni ana mikanda myeusi miwili mitatu, anakaa kwenye miamba na anazamia kutafuta samaki. Huyu sumu anayo ya kutosha, ila kwa tabia ni mpole, waogeleaji anawapita tu, shida inakuja pale mvuvi anapomtoa wavuni kwa mkono. Kata wavu. Najua wavu ni hela.

Kwa Wanyamwezi na Wasukuma wapo Wayeye, wacheza na nyoka, na watoto wakiwatazama wanajifunza kwamba ukimkamata nyuma ya kichwa umemmaliza. Kuna kijinyoka cheusi cheusi cha chini ya ardhi kinachojitokeza usiku baada ya mvua, hakifiki hata mita, sura ya kinyonge, lakini chonge zake zinatokea pembeni ya mdomo hata mdomo ukiwa umefungwa, kwa hiyo ukimshika shingo anageuza kichwa kidogo tu ameshakuchoma kidole. Huyo hana pa kushikwa.

Wasio na sumu ya kukudhuru tuwapitie haraka: kinyonga, mjusi kafiri, kobe. Kenge ana makucha na mkia wa kuchapa, ndo basi, na kazi anafanya, anafukua mayai ya mamba anakula. Yule mnayemwita nyoka wa vichwa viwili ana kichwa kimoja, mkia wake ni butu tu, chakula chake mchwa na mayai ya sisimizi.

La mwisho. Umeumwa shambani Kaliua saa mbili usiku, unaanza na nini? Kufunga kamba, kuchanja, kunyonya, jiwe la nyoka, vyote vinakuchelewesha tu, na kamba iliyokazwa kwenye mguu ulioumwa na kifutu inaweza kukuondolea mguu wenyewe. Shirika la Afya Duniani liliweka kuumwa na nyoka kwenye magonjwa yaliyosahaulika mwaka 2017, linakadiria vifo 81,000 mpaka 138,000 kila mwaka. Vua pete, bangili na viatu kabla ya uvimbe, kiungo kisichezeshwe, kifunge na kijiti kama kilichovunjika, mgonjwa abebwe asitembee, akikosekana mwenye gari akae kwenye bodaboda katikati ya dereva na mtu wa kumshika. Nyoka msimfukuze, ukiweza piga picha kwa mbali, inamsaidia daktari. Na kama ni mate ya swila yameingia machoni, maji, mengi, dakika 15 mpaka 20, usifikiche, halafu hospitali hata kama maumivu yametulia.