Unatapika, huli, na una kisukari: sindano usiiache

Swali: Nikila matonge matatu ya ugali nashiba kama nimemaliza sinia. Kwa nini?

Jibu: Unapoanza kumeza, mishipa ya fahamu humwaga kemikali kwenye ukuta wa mfuko wa tumbo: gesi ya naitriki oksaidi, na peptidi (kipande kidogo cha protini) iitwayo VIP. Zinalegeza misuli laini ya sehemu ya juu, mfuko unatanuka na kupokea lita nzima bila kukubana. Kisukari kisichodhibitiwa kwa miaka huharibu mishipa hiyo. Misuli hailegei, matonge matatu yanabana.

Swali: Mbona natapika chakula cha jana?

Jibu: Mlango wa chini wa tumbo nao husubiri ujumbe huohuo ili ufunguke, lakini haufiki, na misuli ya kusaga imedhoofika. Mama mmoja alinionyesha beseni: maharage ya jana mchana, bado mazima.

Swali: Kama sili, si niache insulini?

Jibu: Hapana. Usiache. Hata usipokula, ini linaendelea kumwaga sukari kwenye damu. Insulini ikikosekana, mwili unachoma mafuta na damu inajaa asidi. Tunaletewa watu wanahema kwa nguvu, midomo imekauka, ndugu wanasema, "Alikuwa hali, tukaona tumpumzishe sindano." Siku tatu jamani!

Swali: Lakini sukari si itashuka?

Jibu: Inaweza kushuka, maana sindano inafanya kazi huku chakula kimekwama. Kwa hiyo pima mara nyingi zaidi, na daktari akubadilishie dozi na saa ya kudunga. Kubadilishiwa dozi si kuacha. Narudia: si kuacha.

Swali: Natumia dawa za vidonda vya tumbo.

Jibu: Hizo hupunguza asidi, chakula hazikisukumi. Umezinunua duka la dawa miezi mingapi sasa? Mwambie daktari una kisukari, akupime.

Swali: Nile nini?

Jibu: Kidogo kidogo, mara tano au sita kwa siku: mtori, uji laini, supu isiyo na mafuta mengi, ukipima sukari. Makande na nyama ngumu weka kando. Ukishakula usilale, tembea kidogo.

Swali: Nikitapika usiku, nisubiri siku ya kliniki?

Jibu: Usisubiri! Ukishindwa kubakiza hata maji, nenda mapokezi ya dharura usiku huohuo, na insulini yako mkononi.