Mawe ya Mwanza: yanayosemwa na yaliyo kweli

Dhana: Majabali yaliyopandana juu ya vilima yalirushwa na volkano au yaliletwa na mafuriko ya kale.

Yalizaliwa papo hapo, tena chini ya ardhi. Graniti ya Mwanza, jiwe gumu lililoundwa na madini kama feldispa na kwatsi, yenye umri wa takriban miaka bilioni 2.5, ina nyufa zinazokatana na kuigawa vipande vyenye pembe. Maji ya mvua yakipenya udongoni hubeba kaboni dayoksaidi na kuwa asidi dhaifu. Asidi hiyo hugeuza feldispa kuwa mfinyanzi, kwatsi ikabaki mchanga. Pembe huliwa kutoka pande tatu, ukingo pande mbili, uso upande mmoja tu. Ndiyo maana pembe huisha kwanza na jiwe likaviringika. Huko kuoza hakuhamishi kitu. Mmomonyoko ndio uliokuja baadaye ukachukua kilichooza, majabali yakabaki yameegemeana.

Dhana: Joto la mchana na baridi ya usiku vinatosha kupasua jabali.

Wavunja kokoto huwasha moto juu ya jiwe likabanduka magamba, kwa hiyo ni rahisi kudhani jua hufanya vivyo hivyo. Moto, hata hivyo, hupandisha joto kwa mamia ya nyuzi kwa muda mfupi. Mwaka 1936 mwanajiolojia Mmarekani David Griggs alichapisha jaribio lake: aliipasha na kuipoza graniti kavu mara 89,400, sawa na siku za miaka 244, na hakuna ufa mpya ulioonekana. Alipoipoza kwa maji, uso ulianza kuharibika mapema mno. Jua lina mchango wake, hasa penye ufa tayari, lakini bila maji kazi haiendi mbali.

Dhana: Udongo laini kuliko wote ndio hung'olewa kwanza na maji yanayotiririka.

Hung'oka kwanza mchanga mwembamba. Chembe za mfinyanzi, ambao ndio udongo laini kuliko wote, hushikana. Tofauti huja wakati wa kutua. Tikisa udongo na maji ndani ya chupa: mchanga hutua ndani ya dakika moja, tope laini kwa saa 2 hivi, mfinyanzi huelea hata kesho yake. Hivyo mto Simiyu huacha mchanga njiani, maji ya kahawia yakaingia Ziwa Victoria.

Dhana: Jabali kubwa halitikisiki.

Uzito haulilindi. Mara nyingi limekalia graniti iliyooza, na anayechimba kiwanja chini yake au kuelekeza maji ya paa kwenye kitako chake analiondolea egemeo. Angalia pengo jipya chini ya jiwe, au ufa wa ardhi upande wa juu. Ukiviona, hamisha watu walio chini yake na umwite mhandisi. Maji yaondolewe kwanza kwa mtaro uliosakafiwa. Pengo likijazwa udongo mtupu, mvua itausomba.