Uanuwai wa mazao: mseto wa konde si mseto wa chungu

Ukitaja mseto Mombasa, wengi watafikiria chungu kwanza: mchele na pojo vilivyopikwa pamoja. Kwenye kilimo, neno hilo ni mazao mawili au zaidi yaliyopandwa konde moja kwa wakati mmoja. Uanuwai wa mazao ni mpana kuliko hapo. Ni kugawa ardhi, misimu na kipato baina ya mazao ambayo balaa moja haliwezi kuyamaliza yote. Yanaweza kuchanganywa, kupokezana konde, au kila moja likakaa upande wake.

Kwa hiyo kuhesabu mazao hakutoshi. Chukua mkulima wa mboga wa huko Mwakirunge, Mombasa, mwenye nyanya, mabiringani, pilipili na mnavu. Anajiona ana mazao manne, kumbe yote ni ya ukoo mmoja. Mnyauko wa bakteria ukiingia kwenye nyanya, biringani nalo limo hatarini. Kuutambua ni rahisi: kata shina karibu na ardhi, litumbukize ncha kwenye gilasi ya maji safi, usubiri dakika chache. Ukiona nyuzi nyeupe kama maziwa zikiteremka, ndio wenyewe, na hakuna dawa ya kupulizia itakayouponya. Ng'oa, kisha panda mahindi hapo kwa misimu kadhaa. Udongo wa mchanga, ambao Pwani unao kwa wingi, huongeza adha nyingine: minyoo fundo wa mizizi. Hapo usikimbilie kunde ukidhani umebadilisha zao, maana kunde pia huliwa na minyoo hao. Usichanganye vifundo vyao na vile vya bakteria wanaoipa kunde naitrojeni: vya bakteria hubanduka kwa kidole na ndani ni vyekundu vyekundu; vya minyoo ni mzizi wenyewe uliovimba.

Mahindi na muhogo ni jozi nzuri zaidi, kwa kuwa hushindwa kwa sababu tofauti. Mahindi hupandwa masika yanapoanza, mwishoni mwa Machi au Aprili, na mvua ikikatika wakati wa kutoa mbelewele, magunzi hubaki na mapengo. Muhogo huhitaji mvua miezi ya mwanzo tu. Baada ya hapo huvumilia kiangazi na kungoja ardhini. Panda vipande vya sentimita 20 hadi 30, mita moja kwa mita moja, yaani takriban vipande 2,000 kwa nusu ekari. Katikati ya mistari tia mstari mmoja wa pojo, ambazo hukomaa kwa miezi miwili hivi, kabla majani ya muhogo hayajafunga. Kunde zinazotambaa hazifai hapo. Zitaupanda muhogo na kuulaza. Muhogo wa aina ya Kibandameno ni mtamu, lakini ugonjwa wa michirizi ya kahawia huuozesha mizizi huku majani yakionekana mazima, kwa hiyo mbegu ichukuliwe kwenye shina ambalo mizizi yake imechimbwa, ikakatwa na kukaguliwa. Anayeuacha ardhini mwaka wa pili akiuita akiba huenda akachimba uozo.

Mnazi una hesabu yake. Kwa nafasi ya mita 9 kwa 9, ekari hubeba minazi 50 hivi. Minazi michanga huacha jua la kutosha chini yake, na mikongwe pia. Ile ya umri wa kati hufunga kivuli, na mahindi chini yake hurefuka bila kuzaa. Umri wowote uwe, acha mita 2 kuzunguka shina bila jembe. Faida ambayo wengi hawaihesabu ni ya miembe na michungwa kati ya minazi: maji moto, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani, hujenga humo na kuwinda mdudu anayefyonza vidaka, yaani nazi changa, hadi vikaanguka. Wakwezi huwalaani, na wana haki yao, lakini kuwachoma viota ni kumpa nafasi mdudu huyo.

Gharama ya uanuwai huonekana sokoni. Mnunuzi wa jumla Kongowea anataka magunia. Ukimpelekea karai la kila kitu, nauli hula faida. Kazi nayo hugongana: palizi ya kwanza ya mahindi na uvunaji wa mboga huangukia wiki zilezile, na kinachoachwa huwa ni palizi, kisha mahindi hudumaa. Mtaka yote hukosa yote. Kwa nusu ekari, mazao matatu au manne ni mengi ya kutosha: muhogo na pojo sehemu kubwa, mahindi kipande chake, na matuta machache ya mchicha wa kuuza mtaani, ambao huwa tayari kwa wiki tatu hadi nne. Matuta hayo yakae karibu na kisima, na maji uyaonje kwanza: visima vilivyo karibu na bahari vingi vina chumvi, na mche ulioota juzi hauvumilii.