Mto Unaokufaa Hutegemea Unavyolala

Kwenye kliniki ya fiziotherapia, swali la mto mara nyingi huja mwishoni kabisa. Mgonjwa ameshaeleza shingo yake ilivyokaza, ameshapimwa, ameshafundishwa mazoezi, na wakati anavaa viatu aondoke ndipo anauliza: "Na huu mto ninaolalia, hauwezi kuwa na shida?" Tungependa swali hilo liulizwe mapema zaidi. Mtu mzima anatakiwa alale angalau saa 7 kila usiku, na muda wote huo shingo yake inategemea kitu alichokinunua sokoni baada ya kukiminya mara mbili tatu na kupatana bei.

Shingo ina pingili 7 zilizopangana kwa mbinuko mdogo wa kuelekea mbele, na juu yake kimekaa kichwa chenye uzito wa kilo 4 hadi 5. Mchana kutwa misuli ya shingo na mabega hukishikilia kichwa hicho. Usiku inapaswa kulegea, lakini haiwezi kulegea kama kichwa kimening'inia upande au kimesukumwa mbele hadi kidevu kikagusa kifua. Kazi ya mto ni kujaza uwazi uliopo kati ya godoro, shingo na kichwa, ili shingo ikae vilevile inavyokaa mtu akisimama wima anatazama mbele. Uwazi huo si mmoja kwa watu wote. Fundi mwashi mwenye mabega mapana ana uwazi wake, na binti yake wa miaka 12 ana wake. Ndiyo maana mto uliomfaa jirani yako, hata kama ni wa bei kubwa, unaweza kukuamsha wewe na maumivu.

Tuanze na wanaolala ubavu, kwa sababu ndio wengi, na ndio wanaokosea zaidi kwenye kimo cha mto. Ukilala ubavu, bega lako linakizuia kichwa kisifike kwenye godoro, na nafasi kati ya sikio na godoro inakuwa kubwa. Mto mwembamba utakiacha kichwa kianguke upande wa chini. Mto mnene kupita kiasi utakipinda upande wa juu. Kwa watu wazima wengi, kimo kinachofaa ni sentimita 10 hadi 15, kipimwe kichwa kikiwa tayari kimekandamiza mto. Mto unaoonekana mnene dukani unaweza kubonyea ukabaki nusu baada ya dakika kumi.

Njia nzuri ya kupima unaweza kuifanya nyumbani bila gharama. Chukua mto mwembamba ulio nao, na khanga au mataulo kadhaa. Lala ubavu kwenye godoro lako mwenyewe, kwa mkao wako wa kawaida, na umwombe mtu apige picha kwa simu akiwa nyuma yako, simu ikiwa usawa wa kitanda. Angalia mstari kuanzia kisogoni kushuka katikati ya mgongo. Unatakiwa unyooke. Kama kichwa kimeinama kuelekea godoroni, ongeza kunjo moja la khanga juu ya mto, piga picha tena. Endelea hivyo hadi mstari unyooke, kisha ulale hivyo usiku mbili tatu. Ukishaona shingo imetulia, pima kwa rula kimo cha mto pamoja na khanga zake vikiwa vimekandamizwa, na kimo hicho ndicho cha kwenda nacho dukani.

Nimesema kwenye godoro lako mwenyewe kwa makusudi. Godoro la sponji lililolegea humeza bega, na bega likizama, nafasi ya kujazwa inapungua, kwa hiyo mto unapaswa uwe mwembamba zaidi. Anayelala kwenye mkeka au godoro gumu, bega lake halizami hata kidogo, naye anahitaji mto mnene zaidi. Kitanda cha kamba kilicholegea kina shida yake: kiwiliwili huzama katikati na kichwa kinabaki juu hata kabla ya kuwekewa mto. Hapo mto mwembamba sana unatosha, na dawa yenyewe ni kukaza kamba. Ukibadilisha godoro, pima upya. Tunaona watu wanaonunua godoro jipya gumu, wakabaki na mto uleule, kisha wakalilaumu godoro kwa maumivu ya shingo.

Kwa mlala ubavu kuna mito mingine miwili ya kufikiria. Mmoja uweke kati ya magoti, ili goti la juu lisidondoke mbele na kuuvuta mgongo wa chini na nyonga. Mwingine ukumbatie, mkono wa juu uupumzishe hapo. Mwenye bega linalouma, na hasa mwenye kisukari ambaye bega lake limekaza kwa sababu hali hiyo huwapata zaidi watu wa kisukari, asililalie bega hilo. Alale upande mwingine akiwa amekumbatia mto. Na wale wanaopenda kupitisha mkono chini ya mto: ukiamka vidole vina ganzi, huenda kiwiko au kiganja kimekaa kimekunjwa usiku kucha na kubana neva. Toa mkono huo, kisha uone kama ganzi itapungua kabla hujaanza kutafuta dawa.

Anayelala chali anahitaji mto mwembamba kuliko anavyodhani. Kisogo chake kiko karibu na godoro. Penye uwazi hasa ni nyuma ya shingo. Mto ukishindiliwa chini ya kisogo peke yake, au ikiwekwa miwili, kidevu kinashuka kifuani, misuli ya nyuma ya shingo inavutwa usiku mzima, na njia ya hewa inapungua upana kiasi cha kumfanya mtu akorome. Suluhisho rahisi ni kuviringisha taulo dogo liwe nene kiasi cha mkono wa mtoto, kuliingiza ndani ya foronya upande wa chini wa mto, na kulala taulo likiwa limekaa kwenye mbonyeo wa shingo huku kichwa kikipumzika kwenye sehemu iliyo laini. Mabega yabaki kwenye godoro, yasipande mtoni. Mgongo wa chini ukiuma, weka mto mwingine chini ya magoti.

Kulala kifudifudi hatukupendekezi. Huwezi kupumua uso ukiwa umezama godoroni, kwa hiyo lazima ugeuze shingo upande mmoja na kuiacha hivyo kwa saa nyingi, na mgongo wa chini nao unabonyea. Kama ndivyo ulivyozoea na huwezi kuacha leo, tumia mto mwembamba kabisa au uondoe wa kichwani, uweke mwingine mwembamba chini ya tumbo na nyonga. Kisha jizoeshe kulala ubavu ukiwa umekumbatia mto mrefu kifuani. Wengi wanaolala kifudifudi hutafuta hisia ya kukandamizwa kifua, na mto huo huwapa.

Nywele nazo zina sehemu yake, na madokta hatuwaulizi kina mama habari hizi ipasavyo. Msuko mpya unauma kwa siku kadhaa, na mwenye nao huishia kulalia paji la uso juu ya mkono, shingo imepinda. Rasta zilizofungwa fundo kubwa kisogoni hukisukuma kichwa mbele kila akilala chali, hata mto uwe mzuri kiasi gani. Fungia nywele utosini, au ziache zipite juu ya mto upande wa nyuma, ili mto uguse shingo yenyewe. Wafugaji wa Turkana na Pokot nchini Kenya, na Wakaramojong wa Uganda, walilitatua jambo hili zamani kwa kigoda kidogo cha mti cha kuegemeza kichwa: nywele zilizosukwa na kupakwa udongo hazikuguswa, na shingo ilipata mahali pa kukaa.

Kuhusu kilichomo ndani ya mto, nitasema wazi kwamba kimo sahihi ni muhimu kuliko kitu kilichojazwa. Hata hivyo, kilichojazwa ndicho kinachoamua kama kimo hicho kitadumu. Mito mingi ya bei nafuu ya barabarani hujazwa vipande vya sponji chakavu. Ikiwa mipya imeshindiliwa hadi inakuwa migumu kama gunia la maharage, na baada ya miezi michache vipande vinakimbilia pembeni, katikati panabaki shimo. Mto kama huo ukiwa mnene mno, usiutupe. Mpelekee fundi cherehani afumue mshono wa upande mmoja, toa kiasi, ulalie usiku mmoja, toa tena au rudisha, kisha ushonwe. Mito ya nyuzi za poliesta ni laini na hufulika, lakini hulala mapema. Jitayarishe kuibadilisha kila baada ya mwaka mmoja au miwili. Sponji nzito inayobonyea polepole na kufuata umbo la kichwa inashikilia shingo vizuri, ila hutunza joto, jambo ambalo mtu wa Dar es Salaam au Mombasa asiye na feni atalisikia mwezi wa pili.

Sufi, yaani pamba ya mti wa msufi, nina heshima nayo. Nyuzi zake zina uwazi ndani na utelezi wa nta juu, hazinyonyi maji kirahisi, na kwa sababu hiyo zamani zilijazwa kwenye majaketi ya kuokolea maisha majini. Kwenye joto la pwani mto wa sufi unapitisha hewa. Kasoro yake ni kwamba hushikamana ukawa bapa, kwa hiyo uanikwe juani mara kwa mara na kupigwapigwa, na siku ya kujaza mpya zibeni pua na mdomo, maana vumbi lake linawasha kifua.

Kupima kama mto umekwisha, ukunje katikati kisha uachie. Usipofunguka wenyewe, umekwisha. Mwenye pumu au mafua ya mzio ana sababu ya ziada ya kutoendelea kulalia mto uliochakaa. Utitiri wa vumbi, wadudu wasioonekana kwa macho wanaokula chembe za ngozi zetu, hustawi penye unyevu, na hewa ya pwani inawafaa sana. Foronya ifuliwe kila wiki, ikiwezekana kwa maji ya moto wa nyuzi 60, na mto uvalishwe vazi la ndani kabla ya foronya ili jasho na mafuta ya nywele yasifike kwenye sponji, kwa kuwa sponji iliyolowa mafuta haifuliki ikatakata.

Mwenye kiungulia asijipangie mito mitatu. Mito mingi hukunja kiwiliwili kiunoni, tumbo linabanwa, na tindikali inapanda zaidi. Ni bora kuinua miguu ya kitanda upande wa kichwani kwa matofali au vipande vya mbao vya sentimita 15 hadi 20, na kulala ubavu wa kushoto. Mama mjamzito, kuanzia wiki ya 28, anashauriwa alale ubavu, kushoto au kulia, mto mmoja kati ya magoti na mwingine mwembamba ukiegemeza tumbo. Akijikuta ameamka yuko chali, ageuke tu na kuendelea kulala, asiingiwe na hofu.

Mtoto mchanga hahitaji mto wa aina yoyote. Hili tunalisisitiza kwa sababu bado tunaona khanga zimeviringishwa kuzunguka kichwa cha kichanga ili kiumbike, na mito imepangwa pande zote asianguke kitandani. Mtoto wa umri huo hana nguvu ya kujiondoa pua ikizibwa. Kabla ya kutimiza mwaka mmoja alazwe chali, mahali pagumu kiasi na bapa, bila mto, bila blanketi zito, bila mwanasesere, na chandarua kichomekwe vizuri chini ya godoro. Kichwa kitaumbika kwa kumgeuzia uso upande tofauti kila anapolazwa na kumlaza kifudifudi akiwa macho huku unamwangalia.

Ukibadilisha mto, upe wiki moja hadi mbili kabla hujauhukumu. Lakini maumivu yanayoshuka mkononi, mkono unaopoteza nguvu, miguu inayoyumba, mkojo usiozuilika, shingo iliyokaza pamoja na homa, maumivu ya shingo baada ya ajali, au maumivu yanayoongezeka usiku huku mtu anakonda na kutoka jasho, hayo hayasubiri mto. Hiyo ya mwisho inaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo, na kinatibika kikiwahiwa.

Kwa wazee, taratibu. Bibi mwenye kibiongo, mgongo wake umeshapinda, na ukimwondolea mito kwa nia njema kichwa chake kinabaki kinaning'inia nyuma. Ongeza hadi shingo yake ipate egemeo, na uache hapo. Ila fuatilia idadi. Kama mwaka jana alilala na mto mmoja, sasa anataka mitatu, na akiishusha anasema pumzi inakata, tatizo haliko shingoni. Madaktari wa moyo huuliza "unalalia mito mingapi?" kwa sababu moyo uliochoka hushindwa kusukuma damu vizuri, maji yanajaa kwenye mapafu, na mgonjwa anapumua nafuu akiwa ameinuka. Swali hilohilo linamhusu mama aliyejifungua karibuni na mtu mwenye shinikizo la damu asiyetumia dawa. Ukiona miguu nayo imevimba, mpeleke hospitali siku hiyohiyo, na mwambie daktari mito imeongezeka kutoka mingapi hadi mingapi.