Spishi iliyo hatarini kutoweka: si hesabu ya vichwa, wala si zuio la mgodi

Ukianza mjadala wa uchimbaji hapa Arusha, iwe ni magadi ya Natron, ya Engaruka au vitalu vya wachimbaji wadogo kule Longido, haupiti muda mtu atasema: "Hao flamingo wapo mamilioni, hatarini kivipi?" Mwenzake atamjibu: "Wamo kwenye orodha ya dunia, kwa hiyo kuchimba ni marufuku." Nimeyasikia mabishano haya mara nyingi mno, na wote wawili hawako sahihi.

Maana yenyewe ni fupi. Spishi iliyo hatarini kutoweka ni aina ya mnyama au mmea ambayo wataalamu wameipima wakaona uwezekano wa kuisha porini ni mkubwa. Kipimo kinachotumika zaidi ni Orodha Nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa maumbile, iliyoanza mwaka 1964. Orodha hiyo ina madaraja. Faru mweusi yuko daraja la hatari kubwa kabisa, tembo wa savana amewekwa linalofuata tangu 2021, na simba yuko chini yake kidogo.

Sasa hilo la "wapo wengi". Wataalamu huangalia sana kasi ya kupungua. Spishi iliyopungua kwa asilimia 50 au zaidi ndani ya miaka 10 au vizazi vitatu, kutegemea kipi ni kirefu, inaweza kuingia daraja la walio hatarini hata kama waliobaki ni maelfu. Twiga wa Kimasai, huyu tunayempita akila migunga kandokando ya barabara, aliingizwa humo mwaka 2019. Bado tunamwona, ndiyo. Ila ndani ya vizazi vitatu karibu nusu yao wametoweka.

Heroe wadogo, ambao wengi tunawaita flamingo, wana habari nyingine, na hapa ndipo watu wanapopotea zaidi. Ni kweli wako wengi sana, na kwenye orodha ya IUCN hawajafika hata daraja la kutishiwa; wamewekwa karibu nalo tu. Mtu akiishia hapo atasema kiwanda kijengwe. Lakini Ziwa Natron ndilo eneo pekee Afrika Mashariki ambako ndege hawa huzaliana kwa uhakika. Wanaojaa Nakuru, Bogoria au Manyara wamekwenda kula. Kiota chao ni kichuguu cha matope ya magadi, hakifiki hata goti, chenye kibonde juu, na jike hutaga yai moja tu. Wanavijenga katikati ya ziwa kwa sababu tope na maji yale makali humzuia fisi na mbweha. Maji yakipanda kidogo, viota vinazama. Yakishuka kupita kiasi, fisi anavifikia kwa miguu. Kwa hiyo mradi unaweza usiue ndege hata mmoja kwa mkono, ukabadilisha kina cha maji tu, na kizazi kizima kikakosekana.

Hoja hiyo ndiyo iliyokuwa mezani miaka ya 2006 hadi 2008, wakati Tata Chemicals ya India na Shirika la Maendeleo la Taifa walipopanga kiwanda cha kuzalisha tani 500,000 za magadi kwa mwaka pale Natron. Tata walijiondoa mwaka 2008. Heroe hawakuwa "hatarini kutoweka" kwa vipimo vya orodha, na bado hoja ya mazalia yao ilikuwa nzito.

Upande wa pili nao usikilizwe: orodha ya IUCN si sheria. Haimfungi mchimbaji wala waziri. Hata mkataba wa CITES, ambao watu huutaja kwa kujiamini sana, unahusu biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea, hauhusu mashimo ya migodi. Marekani wana sheria yao ya 1973 inayoipa orodha yao nguvu ya kisheria. Huko Nevada ua moja dogo, Tiehm's buckwheat, liliorodheshwa Desemba 2022 likiwa limeota juu ya madini ya lithiamu. Hata hivyo, mgodi uliidhinishwa Oktoba 2024, kwa masharti.

Kwetu, kazi hiyo inafanywa kwa sehemu kubwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Kifungu cha 81 kinadai tathmini ya athari kwa mazingira kabla mradi haujaanza, na uchimbaji umo kwenye jedwali la miradi inayohusika. Leseni ya madini haichukui nafasi ya tathmini hiyo. Ni karatasi mbili tofauti. Sheria hiyo pia inataja kanuni ya tahadhari, yaani kutokuwa na uhakika wa kisayansi kusiwe kisingizio cha kuacha kuzuia madhara makubwa.

Tena tuna mfano mjini kwetu. Mahakama ya Afrika Mashariki, yenye makao yake hapa Arusha, Juni 2014 ilizuia barabara ya lami kukatiza kaskazini mwa Serengeti. Hukumu ilisimama kwenye Mkataba wa Jumuiya na wajibu wa nchi kulinda mazingira. Nyumbu wanaohama ni zaidi ya milioni moja, na wingi huo haukuwa kisingizio cha kujenga barabara.

Kwa hiyo, ndugu zangu, kwenye kikao kijacho tuombe ripoti ya tathmini, tufungue ukurasa unaohusu mazalia na malisho, tuulize maji ya mradi yatatoka wapi na yatamwagwa wapi. Atakayesema "wapo wengi" tumuulize kwa upole wanazalia wapi. Na atakayesema "wamo kwenye orodha" tumuulize orodha ipi, daraja gani, na kifungu gani cha sheria anachotaka kitumike.